Nelima, Nerima na Bomba la Wodi

Jumapili iliyopita hapa Wanyange tulikuwa na mkutano wa kijiji, na mimi mpaka leo sijapoa. Mwenyekiti alipuliza filimbi mpaka mashavu yakamuuma. Waliofika ni wazee, kina mama wenye watoto mgongoni, na mbuzi wa jirani aliyefuata maganda ya matoke. Nyinyi vijana mlikuwa palepale barabarani, mmekalia bodaboda zenu, mnatutazama kama watu wanaotazama msiba wa ukoo mwingine. Nikamwita mmoja wenu. Simtaji, maana mama yake ndiye ananiuzia mukene, wale dagaa wa ziwa letu. Akanijibu kwa adabu nzuri kabisa, kama mjukuu na bibi yake: "Jajja, mikutano ni ya watu wasio na shughuli. Mimi natunza afya yangu. Nakimbia kila asubuhi."

Nilishtuka hata nikasahau kumgombeza, na wanaonijua wanajua hilo si jambo dogo. Anakimbia. Vizuri, akimbie, barabara ni ya wote. Lakini mimi nimefanya kazi ya askari jela tangu ujana mpaka mvi, na nimeona kwa macho yangu mtu mwenye moyo mzima, mapafu mazima, asiye na homa wala kikohozi, akiondoka duniani kidogo kidogo kwa sababu hakuna aliyekuwa na haja naye. Nikaona pia kilichomrudisha. Hakikuwa mbio. Kaeni niwaambie.

Mimi ni Mteso, mtoto wa mwanajeshi, nimezaliwa kambini. Kiswahili nilikinyonya kwa mama, nikaja kukinyoosha nilipopangiwa kazi mpakani Malaba, ambako Wakenya walinicheka mpaka nikajua kusema "viatu vyangu". Mkiniita Afande Akurut sikasiriki. Yunifomu ilirudi stoo, afande akabaki. Najua wazazi wenu wakisikia Kiswahili kinaamrisha, macho huanza kutafuta mlango uko wapi. Wana sababu zao, maana hapa Uganda kilikuwa lugha ya wenye bunduki, na sizidharau. Lakini ndiyo lugha niliyofanyia kazi.

Kazi ya jela watu hudhani ni funguo. Funguo hata mtoto anaweza. Kazi ni kujua nani yuko vibaya kabla yeye mwenyewe hajajua. Wiki yangu ya kwanza, katika gereza moja la wanawake upande wa Mbale, alikuwepo mama mmoja akilia kuanzia mapambazuko. Nikakaa naye, nikamshika mkono, nikamuombea, nikakosa chakula changu cha mchana kwa ajili yake. Sajini Apolot, aliyekuwa mkubwa wangu, alinitazama siku nzima. Jioni akaniita. "Akurut, umeangalia sahani ya huyo mama?" Sikuwa nimeangalia. Kumbe mama alikuwa amekula posho yake, ule ugali wa gereza, ya jirani yake, na yangu mimi niliyoiacha dirishani. Sajini akacheka mpaka akashika ukuta. "Uso wa mfungwa usiuamini," akasema. "Tazama sahani."

Basi nikawa mtu wa sahani. Ndiyo maana Nelima hakunipita.

Nelima alikuwa Mgisu wa juu milimani, kwenye kahawa. Alifungwa kwa kumjeruhi shemeji yake na jembe walipogombania mpaka wa shamba, na ukoo mzima ukashika upande wa shemeji. Hakuna aliyekuja kumwona, hata siku za sikukuu. Alikaa pembeni ya ukuta, magoti kifuani, na sahani yake ilirudi jikoni kama ilivyotoka. Kwanza ilirudi nusu, halafu ikarudi nzima. Shingo ikawa kama ya kuku aliyenyonyolewa. Nesi wa gereza akampima kila kinachopimika, akampa vidonge vya minyoo kwa kukosa la kumpa, akaniita pembeni. "Afande, huyu hana ugonjwa. Ila akiendelea hivi atakufa, na mimi sitajua niandike amekufa kwa nini."

Maneno hayo yalinikaa kifuani. Nilimzoea maiti wa malaria, nilimzoea maiti wa kifua. Kifo kisicho na jina sikukizoea. Nikajaribu kila kitu. Nikamletea ndizi mbivu. Nikamsema kwa ukali. Nikamletea mama mchungaji. Alinisikiliza kwa heshima, akajibu "ndiyo afande", na sahani ikarudi nzima.

Sasa lazima mjue jambo moja. Wafungwa wana serikali yao. Mara ya kwanza kusikia nilidhani ni mzaha wa askari wa zamani wa kuchezea askari wapya. Lakini kila wodi, yaani jengo wanamolala wafungwa, ina katikiro wake, cheo walichokiazima kwa Waganda wa Buganda, kwao ni kama waziri mkuu. Chini yake wako mawaziri. Yuko wa usafi, yuko wa wagonjwa, na kwa sababu wanawake hufungwa na watoto wao wachanga, yuko wa watoto. Na yuko waziri wa maji, ambaye kwetu alikuwa mkubwa kuliko wote, maana uani palikuwa na bomba moja tu, likitoka maji asubuhi, tena kwa kusitasita kama mtu anayedaiwa. Aliyelishika bomba alishika amani ya wodi.

Na huchaguana. Hakuna karatasi. Wanaogombea wanasimama, wanaowataka wanajipanga mstari nyuma yao, kama mnavyofanya, samahani, kama *tunavyofanya* sisi hapa kijijini nyinyi mkiwa barabarani. Mstari mrefu ndio ushindi. Sisi askari hatukuingilia. Katikiro alikuja kutuambia nani amepita, tukamtangaza uani, basi.

Katikiro wa wakati huo alikuwa Hajati Zaituni, mfanyabiashara wa nguo wa mjini Mbale, mwanamke mpana, mcheshi, mwenye swala tano na umbea wa sita. Ulimi wake haukuwa na r. Kila r ilipofika kinywani iligeuka l. Asubuhi alinisalimu "habali, afande", na bomba lilipokauka aliniambia "hii ni hatali". Nilimzoea, sikusikia tena.

Waziri wa maji aliyekuwepo akamaliza kifungo, akaenda kwao. Wakachagua mwingine. Mimi asubuhi hiyo nilikuwa langoni nikiwapakia wanaokwenda mahakamani, sikuona kilichoendelea uani. Nikiwa bado nafunga geti, Zaituni akaja.

"Afande, wazili wa maji amepatikana. Ni Nelima."

Nikadhani sikusikia. "Nelima?"

"Ndiyo, afande. Nelima. Msitali mlefu, umefika mpaka jikoni."

Nikasimama pale na kufuli mkononi. Wanawake wote hao, wenye akili zao, wamemchagua mtu asiyeweza kuinua kikombe. Nikamwambia Sajini Apolot, "Wamechagua maiti." Sajini alikuwa anakata kucha, hakuinua kichwa. "Serikali ni yao," akasema. "Tangaza."

Nikaenda uani, nikavuta sauti ya gwaride. Nikasema Nelima asimame. Kule ukutani nikaona kile kichwa kikiinuka, halafu mkono ukashika ukuta, halafu mwili ukafuata, pole pole, kama mtu anayetoka kisimani. Nikasema, "Wewe ndiye waziri wa maji. Kuanzia kesho bomba ni lako." Wanawake wakatazamana. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyepiga vigelegele. Mimi nikadhani ni heshima.

Kesho yake nilifika mapema kuliko zamu yangu, nikiwa na hakika nitakuta ugomvi. Na kweli nikaukuta. Mwanamke mmoja mwenye mabega ya mchukuzi alikuwa amesukuma beseni lake mbele ya wote. Nelima akafunga bomba. Akakaa juu ya jiwe lililo chini ya bomba, kiwiliwili chote kile cha mifupa, na akangoja. Wakapiga kelele, akangoja. Halafu nikamsikia, kwa mara ya kwanza naisikia sauti yake ikisema kitu kisicho "ndiyo afande". Akasema, "Watoto kwanza." Yule wa mabega akarudisha beseni lake nyuma.

Wenye watoto wakachota. Mmoja alikuwa amejifungua juzi tu, hawezi kubeba. Nelima akashika jerikeni yake ili ampelekee. Jerikeni ikainuka kidogo, ikarudi chini. Akashika tena kwa mikono miwili. Ikarudi chini. Akasimama akiitazama kwa hasira, kisha akageuka, akanijia mimi.

"Afande, uji iko?"

"Uji iko," nikasema.

"Nipe. Hii jerikeni haitaki tumbo tupu."

Wanangu, mimi nilikuwa mtu mwenye cheo begani. Jikoni hutumwa mfungwa. Lakini siku hiyo nilikwenda mwenyewe, mbio, na nikarudi mbio, uji ukimwagika juu ya buti nilizozipiga rangi jana yake. Akanywa akiwa amesimama, jicho moja kwenye bomba. Akamaliza. Akaifuata jerikeni, ikamshinda bado, lakini akaiburuta. Nikaingia stoo ya mablanketi, nikafunga mlango, nikalia kama mjinga. Sikuamini. Nilikuwa nimeshamtafutia sanda.

Mchana akala posho. Kesho yake akala tena, na akamgombeza mpishi kuhusu mawe kwenye maharage. Usiku akalala, waliolala karibu naye wakalalamika kwamba anakoroma. Nesi alipomwona akivuka uani na jerikeni kichwani alinishika mkono. "Mmempa dawa gani?"

"Bomba," nikasema.

"Afande, nakuuliza kwa kazi."

Nikamweleza. Akaniambia jambo ambalo sikulisoma popote ila nimeliona mara nyingi baadaye. Alisema mtu akijua kesho asubuhi kuna watu wanamngoja, mwili wake hupata habari. Njaa hurudi, usingizi hurudi. Hakusema ni muujiza na hakusema vidonge havina kazi. Alisema tu vidonge peke yake vilikuwa vimeshindwa.

Nisije nikajifanya kwamba baada ya kuona hayo nilikuwa mwerevu. Nilipostaafu nilijenga nyumba yangu hapa Wanyange, nikaweka ua mrefu na geti la chuma. Nilitaka kimya. Nilikuwa nimeishi na kelele za watu tangu nikiwa msichana. Nikakaa barazani nikitazama ziwa, nikasema sasa napumzika. Baada ya muda miguu ikavimba, usingizi ukanikimbia, nikaenda kliniki mjini Jinja. Binti aliyenipima presha akapima mara ya pili, akamwita mwenzake, naye akapima. Nikawauliza kama wanapima mtu au trekta. Hawakucheka.

Na wiki hiyohiyo nikapata habari ya Sajini Apolot. Alikuwa amestaafu kabla yangu, amerudi kwao, amejenga kama mimi, amefunga geti kama mimi. Alikuwa na sukari, siwezi kusema ni kimya kilichomuua. Lakini majirani waligundua baada ya siku kadhaa. Sajini Apolot, aliyeweza kusikia mfungwa akikohoa ukuta wa pili. Nilikaa kitandani na simu mkononi nikashindwa hata kulia, nilishtuka tu, nikatazama geti langu.

Mwenyekiti wa kijiji alipogonga kuniita tukasafishe chemchemi, nikamwambia mimi ni mgonjwa wa miguu. Akasema, "Lete hiyohiyo miguu, afande, utakaa utuamrishe." Hajui alivyonikasirisha. Nikatoka kwa hasira ili nimwonyeshe jinsi mfereji unavyochimbwa, na kufika jioni nilikuwa nimegombana na nusu ya kijiji na nimejua majina yao yote. Usiku ule nililala. Vidonge bado nameza, msije mkamwambia daktari wenu kwamba Jajja Akurut amesema vitupwe. Lakini yule binti wa kliniki sasa hupima mara moja tu.

Turudi wodini, maana sijawaambia mabaya.

Palikuwa na mwanamke mwingine kwenye wodi ileile, akiitwa Nerima. Sikieni vizuri: Nerima, kwa r. Alikuwa akiuza mukene karibu na magereji kule Industrial Division mjini Mbale, na kesi yake ilikuwa bado inaendelea. Alidaiwa kumvunja jino mtoza ushuru wa soko kwa jiwe la mzani, na jioni wenzake walimwomba asimulie tena na tena. Alikuwa na sauti ya soko na kicheko cha soko. Yeye hakuwa mtu wa kumwangalia sahani, maana sahani yake ilirudi jikoni haina hata chembe.

Tangu mambo ya bomba, Nerima alibadilika, na mimi sikuona. Macho yangu yote yalikuwa kwa Nelima, namfurahia kama mzazi aliyepata mtoto uzeeni. Siku moja nikasikia jioni hakuna hadithi ya jino. Nikamtafuta, nikamkuta amelala mchana, amefunika kichwa. Akasema kichwa kinamuuma. Kesho yake kichwa kilekile. Nesi akampima, akasema presha imepanda, na hapo kabla haikuwahi kupanda. Mimi nikaitazama sahani yake. Ilikuwa nusu.

Nikamwita Zaituni. "Katikiro, Nerima ana nini?"

Zaituni akatazama juu, akatazama chini. "Afande, ukiniahidi hutanipeleka kwa mkuu wa geleza nitasema."

"Sema."

"Wazili wa maji tulimchagua yeye."

Sikuelewa. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto. Siku ya uchaguzi Nerima alikuwa amepelekwa mahakamani. Wanaomtaka wakajipanga nyuma ya blanketi lake, Zaituni mwenyewe amelishika juu kwa mikono miwili. Mstari ukafika mpaka jikoni. Halafu yeye akaja langoni akaniambia jina. Jina la mwanamke wa mukene. Kwa ulimi wake Nerima na Nelima ni jina moja, na kwa wengi wa huko milimani ni jina moja kweli, la msichana aliyezaliwa msimu wa kulima. Kwa sikio langu la Kiteso ni watu wawili.

"Na mbona hamkusema?" nikamuuliza. "Mlikaa kimya uani mnatazamana!"

"Afande, wewe ulisimama pale ukasema kwa Kiswahili. Sisi tukafikili selikali imetaka."

Niliketi. Mimi nilidhani wao wametaka, wao walidhani serikali imetaka, na mwanamke aliyepigiwa mstari mpaka jikoni alirudi kutoka mahakamani jioni, amechoka, kesi imeahirishwa, akakuta wenzake wametazama chini na hakuna anayemwambia kwa nini. Aliona wamemkataa. Ndicho kilichokuwa kinamuuma kichwani.

Sasa nifanye nini? Nikilirudisha bomba kwa Nerima, Nelima atarudi ukutani na safari hii hatainuka. Nikinyamaza, nampoteza mwingine, tena kwa dhuluma. Nikaenda kwa Sajini Apolot, nikamweleza yote, nikangoja amri. "Kwa nini unaniuliza mimi?" akasema. "Mimi nachota maji pale?"

Nikamwambia Zaituni aseme mwenyewe kwenye baraza la wodi. Akakataa katakata. "Ulimi ni wangu, afande, lakini sikio ni lako. Twende wote."

Jioni kabla ya kufungwa, wakakusanyika uani. Nilikuwa nimesimama mbele ya wafungwa mara nyingi kuliko nywele zangu, lakini kukiri kosa mbele yao ilikuwa mara ya kwanza. Zaituni akasema lake, mimi nikasema langu: nilisikia jina vibaya, mliyemchagua ni Nerima, sasa amueni wenyewe. Wakatazamana. Nadhani hawakuwahi kumsikia afande akisema *amueni*. Nerima alikuwa amesimama nyuma na kanga imemlegea kichwani. Akafunika mdomo kwa mkono, machozi yakamtoka bila sauti.

Mimi nilikuwa namtazama Nelima. Akasimama.

"Mimi nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba si mimi. Nani angesimama nyuma yangu? Hata mimi singesimama nyuma yangu."

"Sasa mbona uliinuka?"

"Hapa tunahesabiwa, afande. Tunachuchumaa tano tano, mnapita na fimbo, mnahesabu. Wanaoitwa majina ni wa mahakama na wa wageni. Mimi kesi yangu iliisha na mgeni sina. Siku hiyo mtu aliita jina langu. Nikasema, hata kama ni makosa, niende nione."

Kisha Nelima akageuka kwa Zaituni kana kwamba mimi sipo. "Katikiro, tupange mstari upya. Yule iko, mimi niko. Safari hii bila blanketi."

Nilitaka kuzuia, nawaambia kweli. Nilifungua mdomo. Niliona jinsi alivyokuwa ameanza kuwa na mashavu. Lakini nilikuwa nimesema amueni, na Sajini Apolot alikuwa amesimama mlango wa ofisi akinitazama, nikafumba mdomo.

Wakajipanga. Wengine walikwenda kwa Nelima, nikahesabu wenye watoto wote, na yule wa mabega ya mchukuzi, ambaye sikumtegemea. Lakini mstari wa Nerima ulikuwa mrefu. Hata kipofu angeuona. Zaituni akatangaza, kwa ulimi uleule, na watu wakalazimika kuuliza amesema yupi, na hapo ndipo kicheko kikatoka, cha wodi nzima. Nerima alicheka na machozi yake. Nelima sikumwona anacheka. Alikwenda bombani, akakaza kile kifuniko kilichokuwa kinavuja, akaingia ndani.

Usiku ule sikupata usingizi. Nilimwona ukutani, magoti kifuani. Nilijilaumu, nikamlaumu Sajini, nikailaumu herufi moja ya alfabeti. Asubuhi sikusubiri zamu. Nilivaa buti bila soksi, nikapita langoni bila kujibu saluti, nikaenda moja kwa moja ukutani kwake.

Hapakuwa na mtu. Nikauliza yuko wapi, nikaambiwa uani.

Uani foleni ilikuwa imesimama haisogei, na kelele zilikuwa juu. Mbele kabisa nikaona mgongo ninaoujua, beseni tupu limekaa kiunoni, mkono mmoja hewani. Nerima alikuwa amekalia jiwe la bomba, kanga imefungwa vizuri, naye anajibu kwa sauti ya soko. Yule mzazi mwenye mtoto mchanga alikuwa amewekwa wa tatu, na Nelima alikuwa anauliza ni sheria gani hiyo, na nani ameipitisha, na baraza lake lilikaa lini.

Nikamshika bega. "Nelima. Umekula?"

Hata hakugeuka vizuri.

"Uji nimekunywa, afande. Subiri kidogo, nina kesi na waziri."